Mashine Iliyokwama kwa Ng'ombe wa Gidamis

Mashine ilikufa Alhamisi ya kwanza saa tatu na nusu asubuhi, ikafa tena Alhamisi ya pili saa nne kasorobo, na mara zote mbili aliyekuwa mbele yake ni ng'ombe yuleyule: jike mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, mali ya Mzee Gidamis. Ng'ombe mwenyewe hakuwa na kosa. Aliingia kwenye kijia cha mbao kinachoelekea joshoni kama walivyoingia wenzake hamsini waliomtangulia, kifaa kikasoma hereni yake ya utambulisho na kulia pii, halafu spika ikanyamaza, mlango wa mbele ukagoma kufunguka, na kompyuta ya Doris ikajaa mistari myekundu ya Kiingereza cha kumsuta mtu.

Nyuma ya yule jike walikuwepo ng'ombe mia mbili na vumbi lao, na wenye mali wakipiga miluzi. Emanuel, mtunza josho, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliandika kwa mkono kila ng'ombe aliyeogeshwa, alitoka kibandani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alikuwa na daftari kwapani. Akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Na wewe nimekuletea kalamu, Doris," akasema. "Tusaidiane."

Doris aliichukua ile kalamu. Angefanyaje? Alikuwa binti wa Dongobesh, Mwiraqw wa miaka ishirini na saba, aliyesomea kompyuta Arusha, akaajiriwa hukohuko, kisha akaacha kazi ile ili aje kutengeneza kitu alichokuwa amekiwaza tangu chuoni. Watu wa vijiji vya kando ya ziwa Basotu wanajua shida yenyewe. Mifugo ya maboma huchanganyika njiani, na kila siku ya kuogesha palizuka ugomvi: huyu ni wa nani, yule amepita au amerukwa, na fimbo zikanyanyuka. Mashine ya Doris ilisoma hereni ya kila ng'ombe, ikatangaza kwa spika jina la mwenye mali, kwa kuwa wazee wengi hawasomi, kisha ikafungua mlango na kuandika kwamba ng'ombe fulani ameoga. Ukisikia jina lako unasogea, unawatazama wako wakipita, mambo yanakwisha. Kwenye karatasi yalikwisha kabisa.

Mwenyekiti wa kamati ya josho, Mzee Margwe, alisubiri mpaka ng'ombe wa mwisho alipotoka majini ndipo akasema lake.

"Binti, hapa si mahali pa majaribio. Alhamisi ijayo ikifa tena, tunarudi kwenye daftari, na hiyo mitambo yako utaibeba mwenyewe."

Doris alijua maana yake. Kamati za majosho mengine matatu zilikuwa zinasubiri kuona ya hapa. Hapa pakishindikana, pote pameshindikana, na yeye atarudi Katesh kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake Renatus, apime misumari kwa kilo maisha yake yote. Renatus alikuwa mtu wa kupanga mambo mapema. Alishamtundikia aproni nyuma ya mlango.

Aliyemuudhi zaidi, hata hivyo, ni Mzee Gidamis mwenyewe. Wengine walicheka, yeye aliitazama mashine kwa huruma. Alikuwa mzee wa Kibarabaig, mrefu, shuka begani, na uso wa mtu asiyejua mzaha. Usiuamini uso ule.

"Msiilaumu," aliwaambia watu. "Ng'ombe hawa babu yangu alikataza wasihesabiwe. Hata chuma kina masikio."

Wazee wenzake walijua fika kwamba babu yake hakuwahi kukataza kitu chochote. Lakini mashine ilikwishakufa mara mbili, na mashahidi wawili ni wengi. Kufikia Jumamosi watu walikuwa wanampelekea pombe ya asali. Bwana mmoja alifunga safari kutoka Katesh kuomba simu yake itemewe mate ili mke wake asimpate hewani. Gidamis akaitemea, kwa maana ni mtu mkarimu. Kesho yake simu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji, mke hakumpata tena, na sifa za mzee zikavuka kijiji.

Doris alijifungia kwenye stoo nyuma ya duka la Renatus, kati ya mifuko ya saruji na dirisha linalotazama mlima Hanang. Jambo lililokuwa linamtia wazimu ni hili: hapo stoo mashine haikuwahi kufa hata mara moja. Alikuwa ametunga ng'ombe mia wa kubuni kwa ajili ya majaribio, akawagawia ndugu zake. Shangazi yake Konsolata alikuwa na ng'ombe arobaini kwenye kompyuta, ilhali maishani hajawahi kufuga hata kuku. Ng'ombe wa shangazi walipita mlangoni asubuhi na jioni bila tatizo.

Kosa lenyewe lilikuwa na jina fupi: null. Ni neno la watengeneza programu, maana yake patupu. Umetumwa mahali ukachukue kitu, umefika, hakuna kitu. Mtu akikuta hakuna atarudi aseme hakuna. Programu haina busara hiyo. Inafia palepale ilipokuta patupu, na yote iliyokuwa inafanya inakufa nayo.

Tena kompyuta ilimwonyesha mpaka mstari ilipofia programu. Ilikuwa sehemu ya programu inayokaa ikisubiri tukio moja tu, yaani ng'ombe kupita. Ng'ombe akipita, ile sehemu inaamka na kuuliza maswali manne: ng'ombe huyu ni yupi, mwenyewe ni nani, sauti inayomtaja mwenyewe iko wapi, na sauti hiyo ina urefu gani. Doris aliyaandika yote manne kwenye mstari mmoja kwa sababu siku ile ilimpendeza macho. Sasa mashine ilikuwa inamwambia kwamba mojawapo ya manne ni patupu, bila kumwambia ni lipi.

Wiki ya kwanza alisema ni hereni, akambadilishia jike mwekundu hereni. Wiki ya pili alisema ni waya, akabadilisha waya. Huko kote kulikuwa kupiga ramli, na mwenyewe alilijua hilo. Sasa alitulia akafanya alichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Aliukata ule mstari vipande vinne, akakiamuru kila kipande kijitaje kabla ya kuendelea. Akawafuta ng'ombe wa shangazi, akaweka kumbukumbu halisi alizonakili kutoka joshoni, kisha akaidanganya programu kwamba jike mwekundu ndiyo kwanza anapita.

Ng'ombe: yupo. Mwenyewe: yupo, Gidamis, ng'ombe thelathini na saba. Sauti: null.

Doris akahesabu. Wenye mifugo sitini na wawili, sauti sitini na moja.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema peke yake. Lakini Gidamis alikuwepo, tena mno.

Aliongeza mistari mitatu: sauti ikiwa patupu, kaa kimya, fungua mlango, mwandike ng'ombe. Akaijaribu kwa kumnyang'anya shangazi Konsolata sauti yake, na ng'ombe arobaini wakapita kimyakimya bila mashine kufa. Alifurahi kiasi cha kumpigia Emanuel simu ili amringie.

Emanuel alicheka mpaka akakohoa. "Yaani wazee wote uwaite, yeye umruke? Mbele ya watu? Doris, wewe! Atawageuza ng'ombe wake palepale, na nusu ya maboma yatamfuata. Bora ife."

Furaha ikamtoka. Emanuel alikuwa na kinyongo chake na mashine, lakini kwa habari za wazee na heshima zao hakuwahi kumdanganya. Ilibidi sauti ipatikane, na aliyerekodi sauti zote alikuwa mtu mmoja, Marieta.

Marieta alikuwa mkamwana wa Gidamis, mke wa mwanawe wa tatu. Alizaliwa Balangdalalu, akasoma mpaka kidato cha nne, na kamati ilimchukua kuandikisha mifugo kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka na Kiswahili chake kilinyooka. Doris ndiye aliyemwomba arekodi majina, kwa sauti yake nzuri ya kwaya. Alhamisi Marieta hukaa kibandani akiangalia kompyuta. Mzee hakuipenda kazi ile. Alikuwa akisema kwamba shule humjaza binti kichwa mpaka heshima ikamwagika, na alikwishatoa amri kwamba mwezi huu ukiisha, mkamwana wake arudi kukaa nyumbani.

Jumatatu Doris alichukua bodaboda hadi Basotu, akamkuta Marieta kando ya ziwa akijaza madumu.

"Marieta, kuna sauti moja haipo."

Marieta aliendelea kulijaza maji dumu lililokwishajaa. "Ya nani?"

"Wewe unajua ya nani."

"Sijui kama najua."

"Ya Mzee Gidamis."

Marieta aligeuka upesi kutazama njiani, kama mtu aliyesikia tusi. "Usitaje kwa nguvu, dada!"

"Basi taja wewe, polepole. Simu hii hapa. Sekunde mbili tu."

"Siwezi."

"Ni neno moja, Marieta!"

"Dada Doris," Marieta akasema, akiweka dumu chini, "yule ni baba wa mume wangu."

Doris akaishusha simu. Alikuwa amekua jirani na Wabarabaig tangu utoto, na jambo lile alilijua kama mtu anavyoujua mlima ulio nyuma ya nyumba yao; hautazami. Mwanamke wa Kibarabaig akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Atalizunguka, atasema yule, atasema mwenye boma, na hata neno linalofanana na jina lile atalikwepa, atafute jingine. Hakuna anayemsimamia. Ni mdomo wake mwenyewe unaokataa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza ni jina gani."

Doris akaketi juu ya dumu. "Na fomu ya kuandikisha kwenye kompyuta ikakuruhusu kuruka?"

"Ilikubali. Niliacha pale wazi, nikabonyeza, ikasema asante." Marieta alitabasamu kidogo. "Nikajua umetuwekea sisi wakamwana. Nikasema, huyu dada ana adabu."

Mwanzoni fomu ile ilikuwa na sharti kwamba sauti ni lazima. Doris alilifuta mwenyewe usiku mmoja kwa uvivu, kwa sababu lilimchelewesha alipokuwa anawaandikisha ng'ombe wa shangazi.

"Lakini Alhamisi mbili umekaa pale unaona mashine inakufa!"

"Wewe ulisema ni hereni. Halafu ukasema ni waya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kisha tabasamu likamtoka Marieta, akamshika Doris mkono. Alimwomba asimtaje. Kijiji kizima kilisimama juani wiki mbili kwa ajili yake. Mzee akijua, hatangoja mwezi uishe. Kesho asubuhi kazi imekwisha. Doris akaahidi. Wakakubaliana kwamba jina lile arekodi Emanuel.

Bado Marieta hakutulia. "Anayekaa kwenye mashine ni mimi. Jina likitoka mbele yangu, si kama nimelisema?"

"Wewe hubonyezi kitu. Anayeibonyeza ni ng'ombe. Yeye akipita, ndipo programu inaamka. Inamsikiliza yeye, wewe haikusikilizi hata kidogo."

Marieta akafunga kifuniko cha dumu. "Ng'ombe si mkamwana," akasema.

"Siyo."

"Basi sawa."

Emanuel alirekodi siku hiyohiyo kibandani, mara tisa, kwa kuwa kila mara aliona angeweza kufanya vizuri zaidi. Ile mistari mitatu ya kimya Doris hakuifuta. Aliiacha ilipo, ingawa kazi yake haikuwepo tena.

Alhamisi ya tatu watu walijaa kuliko ng'ombe. Wengine walitoka mbali, Jorodom na Katesh mjini, hawana hata mbuzi, wamekuja kutazama mashine ikifa. Mama mmoja alikuwa anauza karanga. Mzee Margwe alisimama kando ya kijia, mikono nyuma, na Emanuel daftari lake alilishika wazi kabisa, hakujisumbua kulificha kwapani.

"Qamara," ikasema spika kwa sauti ya Marieta, na mzee Qamara akasogea kuwatazama wake. "Verediana." Mjane Verediana akasogea. Mashine ilikwenda vizuri. Kisha jike mwekundu akaingiza pembe yake iliyoinama, na watu wakaacha kutafuna karanga.

Pii.

"GIDAMIS!" ikafoka spika kwa sauti ya Emanuel.

Mlango ukafunguka. Jike mwekundu akarukia majini. Umati ukaguna kwa masikitiko, na Doris akavuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi. Akapita wa pili: "GIDAMIS!" Wa tatu: "GIDAMIS!" Wa nne. Alipofika wa tano, Mzee Gidamis aliinyoosha fimbo yake akaziba kijia.

"Simamisha."

"Shikamoo mzee," Doris akasema.

"Marahaba. Nani huyo ananiita?"

"Ni mashine, mzee."

"Mashine ina sauti ya msichana. Imemwita Qamara vizuri, imemwita Verediana vizuri. Mimi naitwa na Emanuel, kama mbwa aliyeingia jikoni. Kwa nini?"

Emanuel alikuta kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Tangu Jumatatu alikuwa anajiona mtangazaji.

"Ni hitilafu ndogo tu, mzee, tutai..."

"Wiki ya kwanza ulisema hereni," Gidamis akasema. "Ya pili ukasema waya. Leo ni nini?"

"Jibu, binti," Mzee Margwe akasema.

Doris akatazama kibandani. Akisema ni kosa la mashine, mashine imekwisha na yeye amekwisha nayo. Akisema kweli, amevunja ahadi na Marieta amekwisha. Alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na kwa bahati hakikutoka kitu, kwa sababu Marieta alikuwa anatoka kibandani. Alikuwa amejitanda shuka mpaka usoni. Akasimama ubavu, macho chini, mbali na baba mkwe wake kama inavyopasa, akasema na Doris kwa sauti ambayo hata Doris aliisikia kwa shida.

"Mwambie."

"Una hakika?"

"Mwambie yote, dada."

Basi Doris akasema. "Mzee, sauti inayowaita watu ni ya Marieta. Amerekodi majina sitini na moja. Lako hakulirekodi. Mashine ilipofika kwako ilikuta patupu, ikafa. Hereni haina kosa, waya hauna kosa. Ni pale palipo wazi."

Miaka mitano mkamwana huyu alikaa bomani kwake, na kwa kuwa mbele yake alisema kwa kunong'ona, Mzee Gidamis hakuwahi kuijua sauti yake. Aliigeukia spika, akaitazama kama anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Hata kwenye mashine?" akauliza.

"Hata kwenye mashine, mzee."

"Nani alikuwa pale anamtazama?"

"Hakuna mtu. Alikuwa chumbani peke yake, yeye na simu."

Taya la mzee likaanza kutetemeka. Doris alidhani ni hasira, akarudi nyuma hatua moja. Haikuwa hasira. Mzee Gidamis alifurahi mpaka machozi yakamlenga, na kwa kuwa aliona haya kulia mbele ya ng'ombe wa watu, aliupandisha uso akawageukia waliokusanyika.

"Mmesikia?" akapaza sauti. "Wiki mbili! Wiki mbili mmesimama juani, ninyi na ng'ombe wenu wote, kwa sababu mkamwana wangu hakutamka jina langu! Wakamwana wenu wamewahi kusimamisha nini?"

Habari za babu aliyekataza kuhesabu zilifia hapo hapo, wala hazikuzikwa.

"Mfute Emanuel," mzee akamwambia Doris.

"Mzee?"

"Pale alipopaacha wazi, paachwe wazi. Nani alikuambia ujaze?"

Mzee alikuwa anaomba kitu kilekile kilichoiua mashine mara mbili. Kati ya Doris na misumari ya Renatus kulikuwa na mistari mitatu ya programu, iliyojaribiwa kwa ng'ombe wa shangazi Konsolata, ambao hawapo duniani.

"Na ikifa?" Mzee Margwe akauliza.

"Ikifa, daftari," Emanuel akasema, lakini bila raha ya mwanzo. Mtu aliyetoka kufutwa mbele ya watu hana raha.

Doris akaingia kibandani. Akazifuta sauti za Emanuel, zote tisa. Marieta akaketi kando yake. Nje, Gidamis akaondoa fimbo, na ng'ombe wa tano, ndama dume mwenye baka jeupe, akaingia.

Pii.

Spika ikanyamaza. Mlango nao ukanyamaza. Doris alihesabu moja. Akahesabu mbili. Aliwaza mistari yake yote mitatu, akaona imejaa makosa, akamwona Renatus anamfunga aproni. Akahesabu tatu, na mlango ukasema tka, ukafunguka. Ndama akarukia majini akamlowesha Mzee Margwe suruali. Kwenye kompyuta ikatokea alama ya kijani: ameoga.

Marieta alimkumbatia Doris kwa nguvu, kisha akakumbuka mahali alipo, akaketi vizuri.

Wakapita wengine thelathini na wawili hivyohivyo. Pii, kimya, tka. Watu waliacha kupiga miluzi ili wakisikie kile kimya, na kufikia ng'ombe wa kumi hata waliotoka Jorodom walijua ng'ombe hawa ni wa nani. Mzee Gidamis alisimama wima kando ya kijia, na kila kimya kilipopita aliitikia kwa kichwa kama anayepokea shikamoo.

Wa mwisho alipotoka majini, mzee alipita karibu na kibanda bila kutazama ndani. "Aendelee na kazi," akasema, kama anayezungumza na mbao. "Akiondoka, nani mwingine atanyamaza vizuri hivi?"

Waliofuata walikuwa ng'ombe wa mwenyekiti.

"Margwe," ikasema sauti ya Marieta, safi na ya kusikika mpaka kwenye mashamba ya ngano. "Margwe. Margwe. Margwe." Ilikuwa inataja vizuri sana. Mtu mmoja nyuma akacheka, akamwambukiza wa pili, na Mzee Margwe akawa anahesabu ng'ombe wake kwa sauti ili asiwasikie.

Mchana, Doris alipokuwa anakunja nyaya, mwenyekiti alimjia polepole, suruali bado haijakauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Kamati imekaa. Mashine inabaki. Na kwa zile kamati nyingine tatu nitakupeleka mwenyewe."

"Asante sana, mzee. Asante!"

Doris alitarajia mzee ataondoka. Hakuondoka. Akaikagua spika, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akakohoa.

"Ile ya Gidamis. Ile patupu yake. Mnaiitaje?"

"Null, mzee."

"Null." Akatazama huku na huku. "Mimi ni mwenyekiti, binti. Na mimi niwekee."

Doris aliuma mdomo asicheke. "Mzee, ile fundi haiweki. Inaachwa na mkamwana."

Mzee Margwe akawafikiria wakamwana wake watatu pale nyumbani, ambao humwita kwa jina lake kutoka jikoni mpaka zizini, tena chakula kikiwa kinapoa. Alikuwa na kijana wake mmoja wa mwisho ambaye hajaoa. Akamsogelea Doris, akashusha sauti, akamuuliza kama Marieta ana wadogo zake wa kike huko Balangdalalu.